MUHAMMAD ALI ALIPOKUJA DAR, 1980 (Kichwa cha Mtoto, sehemu ya 3)

Nimetoka shifti saa mbili usiku, miguu inawaka moto, lakini niliahidi sehemu ya tatu leo na ahadi ni deni.

Sehemu ya kwanza tuliongelea watoto wachanga wanaoanguka kitandani. Ya pili, bodaboda na watoto wasiovaa helmeti. Leo nilipanga kuandika kuhusu ngumi na mieleka ya nyumbani, halafu nikajikuta naandika historia. Nivumilieni, mtaona kwa nini.

Wiki iliyopita mama mmoja alituletea mtoto wake wa kiume. Anafanya biashara ya vitenge Kariakoo, na mtoto akitoka shule hukaa na wenzake ghorofani mpaka yeye afunge. (Umri na mambo mengine nimebadilisha, msianze kutafutana mtaani.) Watoto walikuwa wanacheza "mapambano". Mmoja alipanda juu ya kabati, akajitangaza kwa sauti kama wale wa kwenye simu, akaruka. Huyu wa kwetu akapigiza kisogo kwenye sakafu ya terazo. Alizimia kidogo, wenzake wanasema "alilala kidogo tu", akaamka, wakaendelea kucheza. Mama hakuambiwa kitu mpaka usiku, mtoto alipotapika mara tatu.

Nikiwa namwandikisha, mama ananiuliza: "Sista, hivi nimkataze hizi ngumi? Maana ndo anachopenda. Kila siku Mandonga, Mandonga, na wale wa UFC kwenye simu ya baba yake."

Swali lake lilinirudisha kwa baba yangu mzazi.

Baba alikuwa mchukuzi wa mizigo hapo hapo Kariakoo. Na msisahau jina lenyewe la Kariakoo limetoka kwa wabeba mizigo, wale wa Carrier Corps wa Waingereza wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Baba alikuwa na hadithi moja aliyoirudia mpaka tukaichoka: siku alipokuwa kwenye foleni ya sukari, mwanzoni mwa 1980, mtu akaja mbio kusema Muhammad Ali yuko mjini. Ali mwenyewe, Dar es Salaam. Baba anasema alijiuliza aache foleni akamtafute Ali, au abaki apate sukari. Alibaki. Mama alikuwa mjamzito na alitaka uji wenye sukari.

Wadogo zangu mliozaliwa juzi, 1980 ilikuwa hivyo. Vita ya Kagera ilikuwa imetoka kuisha mwaka uliopita, nchi imechoka, sabuni ya foleni, unga wa foleni. Soko la Kariakoo lile jengo kubwa alilolichora mzalendo Beda Amuli lilikuwa na miaka mitano tu. Televisheni Bara hatukuwa nayo, tumekuja kuipata miaka ya tisini. Ali watu walimjua kwa redio, magazeti na sinema. Pambano lake na George Foreman Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974, lilipigwa saa kumi alfajiri ya kule ili Wamarekani waone muda wao mzuri. Kwetu Dar ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, watu wanachemsha chai. Raundi ya nane Foreman chini. Mtu mweusi amepigana ardhi ya Afrika na ameshinda. Mkiwaona wazee wetu wana picha yake sebuleni, sababu ni hiyo.

Sasa alikuja kufanya nini Dar?

Alitumwa. Desemba 1979 Wasovieti waliingiza majeshi Afghanistan, na Rais Jimmy Carter wa Marekani akataka dunia isusie Olimpiki ya Moscow ya 1980. Akamtuma Ali Afrika kuzishawishi nchi tano: Tanzania, Kenya, Nigeria, Liberia na Senegal. Kituo cha kwanza kilikuwa sisi, Februari 1980.

Mwalimu Nyerere alikataa kumuona. Jamani, alikataa kabisa. Aliona ni dharau, jambo zito la nchi na nchi Marekani inamtuma mwanamasumbwi. Ali akaishia kuonana na viongozi wa chini yake na waandishi wa habari. Na waandishi wetu hawakumwonea haya. Walimuuliza: 1976, nchi za Afrika ziliposusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu New Zealand ilicheza raga na makaburu wa Afrika Kusini, Marekani ilikuwa wapi? Mbona haikutuunga mkono? Tanzania ilikuwa miongoni mwa waliosusa, na Filbert Bayi wetu, mwenye rekodi ya dunia ya mita 1500 wakati ule, alibaki nyumbani. Wakamuuliza kama yeye ni kikaragosi cha Ikulu ya Marekani. Wakamweleza pia kwamba Wasovieti ndio waliokuwa wakizisaidia harakati za ukombozi kusini mwa Afrika.

Ali hakuwa na majibu. Huyu ndiye mtu mwenye mdomo kuliko watu wote duniani, na aliishiwa maneno. Kwa haki yake niseme, hakujifanya anajua. Alikiri hakuwa ameambiwa habari za 1976, na kabla ya kumaliza ziara alikuwa akisema wazi kwamba angeijua historia yote huenda asingekuja. Kenya walisusia Moscow. Sisi tulienda, na Bayi akarudi na fedha ya mita 3000 kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui akarudi na fedha ya mita 5000. Mpaka leo naandika, hizo ndizo medali zetu za Olimpiki, zote mbili.

Baba alikuwa akifika hapo anacheka sana. Mimi sasa hivi, nikiwa muuguzi, nikimfikiria Ali wa ile Februari sicheki. Alikuwa na miaka 38, ametangaza kustaafu mwaka uliopita, na kichwani alikuwa amebeba ngumi za miaka 25.

Tumrudishe nyuma kidogo, kwa mama yake. Odessa Clay alikuwa mfanyakazi wa nyumbani huko Louisville, Kentucky. Alimzaa huyu mtoto Januari 1942. Alikuwa akisimulia kwamba mwanawe akiwa na miezi kama sita alirusha mkono akampiga mdomoni, jino likalegea mpaka likang'olewa. Kila mama anayenyonyesha anajua vile vichwa na mikono ya watoto! Alipofika miaka 12 mtoto aliibiwa baiskeli, akaenda analia kumtafuta polisi, anasema atampiga aliyemwibia. Polisi aliyemkuta, Joe Martin, alikuwa anafundisha ngumi kwenye gym hapo chini. Akamwambia ajifunze kwanza kupigana. 1960 kijana analeta dhahabu ya Olimpiki ya Roma.

Sasa hapa ndo pananihusu mimi na yule mtoto wa terazo. 1961, kule Las Vegas, Ali alikutana na mpiga mieleka anaitwa Gorgeous George, mwanaume mwenye nywele za kusuka dhahabu na majoho ya kung'aa, mdomo mchafu kupita kiasi. Ali aliona ukumbi umejaa watu waliolipa hela ili wamuone jamaa akichapwa anyamaze. Akashika somo hilo. Majigambo yote mliyosikia, kutabiri raundi, kumtungia mpinzani mashairi, mizizi yake iko kwa mtu wa mieleka, na mieleka ile ni mchezo wa kuigiza. Wanajua nani atashinda. Wanajifunza kuanguka.

Ali aliuchukua mdomo wa mieleka akauweka juu ya ngumi za kweli.

Na aliuza. 1964 alimpiga Sonny Liston akawa bingwa wa dunia uzito wa juu. 1967 alikataa kwenda kupigana Vietnam, wakamvua ubingwa, miaka mitatu na nusu hakupigana. Muda huo alizunguka vyuo vikuu akihutubia, hata kwenye jukwaa la Broadway New York aliigiza mchezo wa muziki, 1969. Kwa hiyo alikuwa na kazi nyingine. Angeweza kubaki huko, na najua nasema hivyo kwa sababu najua mwisho wa hadithi.

Kuna pambano moja ambalo vijana wenu wanaoangalia UFC wangelipenda. Tarehe 26 Juni 1976, Tokyo, Ali alipambana na mpiga mieleka wa Kijapani Antonio Inoki. Ngumi dhidi ya mieleka, watu wengi wanalitaja kama babu wa haya mapigano ya leo ya kuchanganya ngumi, mateke na mieleka wanayoita MMA. Lilikuwa kituko. Sheria zilimbana Inoki, basi akalala chali karibu pambano zima anampiga Ali mateke ya miguu, raundi 15. Ali alirusha ngumi sita tu. Matokeo sare, mashabiki wakatupa takataka ulingoni. Ilitangazwa kwamba Ali angelipwa dola milioni 6.

Watu walicheka, ila miguu ya Ali haikuwa kichekesho. Ilivimba, ikapata vidonda, na yakaingia madonge ya damu kwenye mishipa. Badala ya kulala hospitali moja kwa moja aliendelea na safari kwanza, kulazwa kukaja baadaye. Hapa nachomekea moja: mama uliyejifungua karibuni, au mjamzito, mguu mmoja ukivimba zaidi ya mwenzake, nyama ya nyuma ya goti kushuka chini inauma na ina joto, usikande, usisubiri Jumatatu. Njoo hospitali siku hiyo hiyo. Donge la damu likitoka mguuni likaenda kwenye mapafu linaua.

Tuendelee. Septemba 1977 Ali alipigana na Earnie Shavers, mtu wa makonde mazito. Alishinda kwa pointi. Daktari wake wa ulingoni wa miaka mingi, Ferdie Pacheco, akapata majibu ya vipimo yanayoonyesha figo za Ali zinaharibika. Akatuma nakala kwa Ali mwenyewe, kwa mkewe, na kwa wasimamizi wake. Hakujibiwa na yeyote. Pacheco akaondoka kwenye timu.

Hicho kipande nimekisoma mara nyingi, kwa sababu nalijua lile karatasi lisilojibiwa. Kila muuguzi analijua. Unamwandikia mtu rufaa, unamwelewesha, anaitia kwenye mkoba. Sio kwamba hapendi uhai. Kuna mzigo unashuka bandarini, kuna mwenye fremu anadai kodi, kuna watu kumi na tano wanakula kupitia yeye. Ali alikuwa na watu wengi sana wanakula kupitia yeye.

1978 alipoteza kwa Leon Spinks, akamrudia akashinda mwaka huo huo, mara ya tatu kuwa bingwa. Akastaafu 1979. Februari 1980 yuko Dar, anaulizwa maswali. Na Oktoba 2 mwaka huo huo, miezi minane tangu Mwalimu amkatae, amerudi ulingoni Las Vegas kupigana na Larry Holmes kwa ahadi ya dola milioni 8.

Kabla ya hapo, Julai, walimpeleka kupimwa hospitali kubwa ya Mayo. Madaktari waliona anaparaza kidogo kugusa pua yake kwa kidole, kuruka kwa mguu mmoja hakuko sawa, na usemi hauko vile ulivyokuwa. Leseni akapewa. Na ili apungue mwili, daktari mmoja alimpa dawa za tezi la shingo, Ali akaongeza dozi mwenyewe kwa imani kwamba ni kama vitamini. Dawa zikampunguza kweli, akaonekana kijana. Pia zilimkausha na kummaliza nguvu. Mnaouziwa vidonge vya kupunguza tumbo kwenye meza za barabarani, vingine havina hata karatasi ya maelezo, someni tena hiyo sentensi. Holmes alimpiga mpaka kona yake ikasimamisha baada ya raundi ya kumi. Wanasema Holmes mwenyewe alilia.

Pambano la mwisho lilikuwa Desemba 1981, Bahamas. Machi 1985 Ali yupo kwenye WrestleMania ya kwanza kabisa New York, refa mwalikwa wa mieleka. Alikuwa amerudi nyumbani kwa Gorgeous George, kule wanakojifunza kuanguka. Lakini mwaka uliotangulia, 1984, tayari alikuwa ameambiwa ana ugonjwa wa Parkinson, mikono inatetemeka, sauti inazama. Madaktari wengi wanahusisha ugonjwa wake na ngumi za kichwa, wengine wanasema huwezi kuthibitisha kwa mtu mmoja, maana Parkinson huwapata hata wasiopigwa kofi. Nawaambia hivyo hivyo ilivyo. 1996 dunia ilimuona akiwasha mwenge Atlanta huku mkono unatikisika. Alifariki tarehe 3 Juni 2016, miaka 74.

Sasa Mandonga, maana najua ndiye mnayemsubiri.

Karim Mandonga, Mtu Kazi, kijana wa Morogoro, mnamjua kuliko mimi. Julai 2022 alienda Songea, akajigamba nchi nzima ikamsikia, halafu Shaban Kaoneka akamlaza. Ajabu ni kwamba kupigwa kule ndiko kulikomfanya staa. Matangazo yakaja, mahojiano yakaja, akazipa ngumi zake majina, Ndoige, Sugunyo. Januari 2023 akaenda Nairobi akamshinda Daniel Wanyonyi, tukashangilia sote, mimi nilikuwa zamu na wagonjwa wakanipa matokeo. Julai mwaka huo alipigwa Mwanza na Moses Golola wa Uganda, mcheza kikboksi ambaye naye mdomo wake unauza tiketi. Baada ya hapo kamisheni inayosimamia ngumi za kulipwa ikamsimamisha kwa ajili ya afya yake.

Watu mitandaoni walilalamika kwamba wanamnyima ugali. Mimi, samahani, nilifurahi. Sijawahi kumtibu na sina la kusema juu ya afya yake. Nilifurahi kwamba safari hii karatasi la daktari limepata wa kulijibu. Na kama kijana anaweza kula kwa mdomo wake, kwa vichekesho na matangazo, bila kupigwa kichwani, huo mimi nauita ubingwa na nitamwangalia.

Kwa hiyo mama wa vitenge nilimjibu nini? Nilimwambia asimkataze mtoto mazoezi. Gym zetu za mitaani zimeokoa vijana wengi, kuruka kamba, kupiga begi, nidhamu, kulala mapema. Kinachoumiza ni kupigana kichwa kwa kichwa utotoni, na kuruka kutoka kwenye makabati bila mtu wa kufundisha kuanguka. Kocha atakayekwambia "akipigwa atakuwa sugu", ondoka na mwanao. Ubongo haufanyi sugu.

Na mtoto akigonga kichwa, kwa ngumi au kwa sakafu, haya ndiyo ya kumkimbiza hospitali bila kusubiri asubuhi: amezimia hata kwa sekunde chache, anatapika zaidi ya mara moja, kichwa kinauma kinazidi, anaongea hovyo au hakutambui, usingizi usio wa kawaida na haamshiki vizuri, degedege, mboni za macho hazilingani, maji au damu puani au masikioni, mkono au mguu umelegea. Kwa mchanga, utosi umevimba, hanyonyi, analia kilio ambacho hujawahi kukisikia. Usimpe dawa za kulalia. Usimkande kichwa kwa maji ya moto wala kumpaka mafuta ya taa, ndiyo, nimeshayaona. Akionekana mzima kabisa, alale, ila umwamshe mara kadhaa usiku umuulize jina lake, akujibu. Na asirudi kwenye michezo ya kugongana mpaka daktari aseme, maana kichwa kikigongwa mara ya pili kabla hakijapona madhara yanakuwa makubwa zaidi.

Yule mtoto alipelekwa CT skani. Hakukuwa na damu kichwani, ilikuwa mtikisiko wa ubongo. Tulimwangalia usiku mzima. Saa kumi alfajiri nilimwamsha nikamuuliza jina lake. Akaniambia anaitwa Mandonga. Nikashtuka, nikamwita daktari, kumbe ananitania.

Juzi kaja kliniki. Bado mwanga mkali unamuumiza kichwa, darasani anachoka haraka, mwalimu amelalamika kwamba amekuwa mzito. Mama yake ameomba barua ya shule nimemwandikia, na wiki hii hayupo ghorofani, anakaa naye dukani chini ya meza ya vitenge, anachora mabondia kwenye maboksi.

Sehemu ya nne Alhamisi, Mungu akipenda: watoto wanaochelewa kuongea. Mliouliza maswali inbox nimeyaona, nitaanza na yule mama wa mapacha.